Mbuzi Ampigia Chui Magoti

Kila asubuhi Mwaba alifagia uwanja, akateka maji kwenye bomba la barabarani, kisha akatukanwa. Kutukanwa kulikuwa sehemu ya asubuhi kama chai.

Aliyemtukana ni Kapya, fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ng'ambo ya barabara, na macho yake yaliona kila aliyepita.

"We mbuzi!" alipaza sauti. "Haujachinjwa bado? Nani alisahau kukufunga kamba?"

"We chui kibogoyo!" Mwaba alijibu, ndoo kichwani. "Meno yako ilibakia ku mifupa ya nani?"

Mama Hortense, mama yake, aliyekuwa akikaanga mikate ya kuuza, alicheka bila kuinua macho kutoka kwenye mafuta. Hakuwa na sababu ya kuudhika. Kwa Wabemba mtoto huwa wa ukoo wa mama yake, na Mwaba na mama yake walikuwa watu wa ukoo wa Mbuzi. Kapya alikuwa wa ukoo wa Chui. Koo hizo mbili ni watani tangu zamani. Chui akimwona Mbuzi lazima amtukane, Mbuzi naye lazima ajibu, na hakuna ruhusa ya kununa. Lakini siku ya ugonjwa au msiba, mtani ndiye anayefika wa kwanza, haitwi wala halipwi. Basi watu walizoea kuyasikiliza maneno ya Kapya kwa masikio ya kucheka, hata alipoomba chumvi.

Ilikuwa mwaka ule Katanga ilipojitenga na kujiita nchi. Kwenye barua mji uliitwa Elisabethville, ila midomoni mwa watu ulikuwa Lubumbashi tu. Kulikuwa na bendera mpya, noti mpya, na askari wa kofia za kila rangi. Siku moja mizinga ililia, siku ya pili soko likafunguka kana kwamba hakuna aliyesikia kitu. Watu wazima wenyewe hawakuelewa, sembuse watoto. Baba yake Mwaba alikuwa akifanya kazi katika mji wa Kambove, na barabara ilipofungwa akabaki huko huko. Shule nayo ilifungwa.

Ilifungwa vibaya, katikati ya Kiingereza. Mwalimu Émile alikuwa ameamua kuwafundisha wanafunzi wake lugha hiyo, kwa sababu mpaka wa Rhodesia uko karibu na huko ndiyo inayosemwa. Somo la kwanza likawa la mwisho. Siku hiyo mwalimu alisikia mlio wa bunduki upande wa posta, akafuta ubao, akasema, "Watoto, leo tutajifunza maneno ya kutia nguvu. Tutayahitaji."

Akaandika: support, kuweka nguzo chini ya kitu kinachotaka kuanguka. Strengthen, kukaza kilicho legevu, kama unavyoongeza unga kwenye bukari, yaani ugali, wa maji maji. Encourage, kumtia mtu moyo. Uphold, kushika kitu juu kisiguse chini. Comfort, kumtuliza anayelia. Back, kusimama nyuma ya mtu ili asirudi nyuma.

"Haya ni maneno ya jamaa moja," alisema, "lakini si mapacha. Kila moja lina kazi yake."

Kesho yake mlango wa shule ulikuwa na kufuli. Mwaba akabaki na maneno hayo peke yake, kama mtu aliyenunua vifungo kabla ya kupata shati. Hakujua kusema "mimi". Hakujua "maji", wala "kichwa", wala "jana". Alijua kutia nguvu tu, kwa namna nyingi.

Siku moja akiwa kwenye bomba aliyasema yote kwa mfululizo, haraka, huku akipunga mkono kama mwalimu. Mama Régine, jirani yao ambaye habari hazikulala kwake, aliacha ndoo yake ikafurika.

"Yesu wangu! Huyu mutoto anasema Kingereza kama maji!"

Mwaba angeweza kusema hapo hapo kwamba ni maneno machache tu. Alifungua mdomo. Lakini wanawake wote walikuwa wameshageuka kumtazama, na kutazamwa vile kulikuwa kutamu. Akafunga mdomo.

"Kingereza gani!" Kapya alipiga kelele kutoka barazani. "Mbuzi inalia mee-mee, nyie munasema Kingereza! Mi nilikaa Ndola, kule Rhodesia, nilishona masuruali ya Bangereza wenyewe. Ile hapana Kingereza!"

Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu.

"We Kapya! Juzi ulisema ulioa binti ya mufalme!"

"Muache Chui alie, wivu inamukamata!"

Mwaba naye alicheka, ila kicheko chake hakikushuka tumboni. Kapya alikuwa amesema kweli mbele ya watu wote, na kweli hiyo ikapita kama mzaha. Akajiona amejificha mahali pazuri, kisha akahisi kwamba mahali hapo hapana mlango wa kutokea.

Baada ya muda mfupi Jeannot, mdogo wake aliyekuwa hata hajaanza shule, alishikwa na homa ya ajabu. Siku moja alitetemeka mpaka kitanda kikalia, siku ya pili akaamka anaomba mkate. Mama Hortense akaamua kumpeleka kwenye zahanati iliyokuwa upande wa pili wa mto. Daktari wa huko alikuwa mwanamke mzungu aliyetoka ng'ambo ya mpaka. Kifaransa chake kilianzia kwenye bonjour na kuishia kwenye merci. Muuguzi aliyekuwa akimtafsiria alikwama mtaa wa mbali kwa sababu ya mapigano.

"Hakuna mambo," alisema Mama Régine. "Si tuko na Mwaba? Na mi nitakuja, kichwa yangu inazunguka kila siku. Tumwite na Mzee Kalenga, magoti yake inamusumbua."

Mwaba alirudi nyuma hatua moja. "Mama, mimi..."

"Usiogope, mwanangu," mama yake alisema, akimfunga Jeannot mgongoni. "Uko na akili. Mungu alikupa hii Kingereza juu ya siku kama ya leo."

Baada ya neno kama hilo, mtoto atasema nini?

Foleni ilikuwa ndefu, imezunguka ukuta. Walipoingia, Mama Hortense alimwinamia Mwaba na kusema polepole, ili kusipotee kitu. "Umwambie hivi: homa inakuja na kurudi. Leo inamuacha, kesho inamukamata, anatetemeka kama kuku ya kunyeshewa. Umwambie vile vile, usikate."

Mwaba alitafuta kichwani mwake. Neno la homa, hakuwa nalo. La kesho, hakuwa nalo. La kuku, hapana. Daktari alikuwa akingoja, kalamu mkononi, macho yamechoka.

"Support," Mwaba alisema, akimgusa Jeannot bega.

Daktari aliinamisha kichwa.

"Strengthen," Mwaba aliongeza. "Uphold. Strengthen."

Daktari alipapasa paji la uso la Jeannot. Lilikuwa baridi, maana ilikuwa siku ya homa kupumzika. Alitazama mikono yake iliyokonda, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema maneno marefu ambayo Mwaba hakushika hata moja. Kisha akatoa chupa ya dawa nyekundu na kijiko.

"Anasema nini?" Mama Hortense aliuliza.

"Anasema... mutoto atapata nguvu."

Uongo ulitoka laini, umepakwa mafuta. Akaingia Mama Régine na kichwa chake. Mwaba akasema "support" na "comfort". Chupa nyekundu. Akaingia Mzee Kalenga na magoti yake, akapata "uphold". Chupa nyekundu.

Njiani kurudi wagonjwa walilinganisha chupa zao kwenye jua.

"Yote namna moja?" Mzee Kalenga alishangaa. "Kichwa ya huyu na magoti yangu, dawa moja?"

"Labda ikifika ndani inajua fasi ya kwenda," alisema Mama Régine. Aliionja kwa ulimi. "Lakini ni tamu, eh!"

Mwaba alitembea nyuma yao bila kuelewa kitu. Je, alikuwa amedanganya? Maneno yalikuwa ya Kiingereza cha kweli, na daktari aliyasikia, na dawa ilitoka. Labda maneno ya kutia nguvu yanatosha kwa magonjwa yote. Labda ndiyo maana mwalimu aliyachagua. Alilizungusha jambo hilo kichwani mpaka likamchosha, na bado alikwepa kuitazama chupa ya Jeannot.

Kesho yake homa ilirudi. Mama Hortense alimpa Jeannot kijiko cha dawa nyekundu. Homa ikapumzika, ikarudi tena kali zaidi, naye akampa vijiko zaidi. "Munganga aliambiwa yote," alisema, akijituliza mwenyewe. "Tungoje dawa ifanye kazi." Siku iliyofuata homa haikupumzika tena. Jeannot alikataa mkate. Macho yake yakawa ya njano, na alipoitwa jina hakugeuka upesi.

Mama alikuwa amemlaza kwenye mkeka nje, kivulini, akimpepea kwa kanga. Kapya alikuwa amevuka barabara kuja kumjulia hali. Mwaba alimwangalia mdogo wake, na maneno yakamtoka kabla hajayapanga.

"Mama, mi sijui Kingereza."

"Aaah!" Kapya alipiga makofi, kwa mazoea tu, kabla hajafikiri. "Mbuzi imekubali! Andikeni tarehe!"

"Nyamazeni nyote wawili!" Mama Hortense alifoka. "Mutoto iko mugonjwa, nyie muko nacheza utani. Mwaba, usimupe huyu Chui furaha leo."

"Mama, ni kweli, mi..."

"Ni kweli, ni kweli! Na mi njo mama ya Papa wa Roma. Enda uchote maji."

Kapya alirudi kwenye cherehani yake, kichwa chini, ameona aibu kwa kelele zake. Mwaba alichukua ndoo. Alifika katikati ya barabara, akasimama. Alitaka kurudi kwa mama, lakini mama angemfukuza tena. Alitaka kumwambia Kapya, lakini kila neno kati ya Mbuzi na Chui ni mzaha. Akisema kweli, ni utani. Akilia, ni utani. Angesemaje basi, ili kweli ionekane kweli?

Akaweka ndoo chini. Akavuka barabara mpaka mbele ya cherehani, akapiga magoti kwenye vumbi. Akapiga makofi polepole, viganja vimekunjwa, kama watoto wa Kibemba wanavyowasalimu wakubwa wanaowaheshimu.

"Mwapoleni, tata," alisema.

Mguu wa Kapya ulisimama juu ya kanyagio. Alingoja tusi lifuate. Halikufuata. Tangu Mwaba ajue kusema, alikuwa hajawahi kumwita baba, wala kumwinamia. Kwenye bomba wanawake waligeuka, wakaacha ndoo zifurike.

"Hortense," Kapya aliita kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyeijua kuwa yake. "Kuja hapa. Huyu mutoto hachezi."

Mama Hortense alikuja, chupa na kijiko mkononi. Mwaba aliyasema yote bado amepiga magoti: somo moja, shule kufungwa, yale maneno, na jinsi alivyomwambia daktari bila kutaja homa hata mara moja.

Mama yake hakumpiga. Alikifunga kifuniko cha chupa taratibu.

"Sasa munganga alisikia nini juu ya mutoto yangu?"

"Nguvu tu, Mama. Nilimwambia nguvu tu."

Kapya hakungoja kusikia zaidi. Alikuwa ameshaiacha suruali ya mtu ikining'inia kwenye sindano. "Lete mutoto!" alisema. "Mi nakamata kinga." Akaisukuma baiskeli yake mpaka mkekani.

Walimweka Jeannot kwenye kiti cha nyuma, wamemzungushia kanga. Kapya alishika usukani, akitembea. Mama Hortense alisukuma kwa nyuma kwenye mlima. Mwaba alitembea ubavuni, viganja viwili mgongoni mwa Jeannot, kwa sababu mtoto alikuwa akiegemea huku na huku kama gunia lisilojaa. Akimwachia, anaanguka. Alihisi mifupa midogo ya mgongo ule ikimchoma viganja kwa joto, na neno support likamjia lenyewe. Sasa tu ndipo alipojua uzito wake.

Karibu na daraja, askari wa Umoja wa Mataifa, mwenye kofia ya buluu, aliinua mkono. Kapya alisema naye. Mwaba alitambua kwamba ni Kiingereza, kwa kuwa hakikuwa na hata neno lake moja. Askari alimwangalia Jeannot, akavuta pembeni waya wa miiba uliofunga daraja, wakapita.

"Kumbe unajua kweli!" Mama Hortense alisema, akihema.

"Nilisema kila siku," Kapya alijibu. "Na nyie mulicheka kila siku."

Kwenye zahanati watu waliwapisha. Mwaba alivuta shati la Kapya. "Tata, kwanza umwambie mi nilidanganya."

"Kwanza nitamwambia homa," Kapya alisema. "Uongo yako ina nguvu, inaweza kungoja."

Akamweleza daktari yote: leo inamwacha, kesho inamkamata, na sasa haimwachi. Daktari alisimama mara moja. Alimtoboa Jeannot kidole, akaitazama damu kwenye hadubini, akarudi na sindano. Ilikuwa malaria, iliyoachwa ikapata nafasi. Wakakaa pale benchi, mama amemshika Jeannot mapajani, mpaka alasiri mtoto alipotoa jasho, akafungua macho, akauliza kama baiskeli ni yake.

Hapo ndipo Mama Hortense alipolia.

Daktari alipopata nafasi, Kapya alimweleza habari ya maneno. Mzungu yule alimwomba Mwaba ayaseme. Akayasema yote, macho chini. Daktari alicheka, kisha kicheko kikamwisha, akasema jambo kwa taratibu.

"Anasema alikuwa anafikiri mutaa yetu nzima ya Katuba inakufa na uregevu," Kapya alitafsiri. "Kila muntu wa avenyu yetu alikuwa anaomba nguvu. Na anasema naye alikosa kidogo: foleni ilikuwa murefu, akaridhika na maneno mafupi."

Jeannot alichomwa sindano nyingine, akapewa vidonge vichungu vya kwinini, akapona siku baada ya siku. Mwaba alikuwa na kazi moja iliyobaki. Alikwenda kwa Mzee Kalenga, kisha kwa Mama Régine, akawaambia kwamba daktari hakuwahi kusikia ugonjwa wao. Mzee alinung'unika, akamsamehe. Mama Régine aliishika chupa yake tupu.

"Na mi nilisema kichwa imepona!" alisema. "Basi tutarudi na Kapya. Lakini mumwambie munganga hii ya tamu asiikatae."

Jioni, Mwaba alikuwa akikanda unga wa mikate na mama yake. Mama Hortense alimgeukia.

"Maneno yako ya kutia nguvu, nimeisikia yote. Ni mazuri. Ukirudi ku masomo, ujifunze mingine. Lakini ile iliyomutia Jeannot nguvu ni ile ulisema ukipiga magoti."

"Nilisema sijui."

"Njo ile. Ukijua, sema unajua. Usipojua, sema haujui, tena upesi, kabla muntu hajaegemea juu yako. Muntu akiegemea ukuta ya karatasi, anaanguka na ukuta." Akageuza unga. "Na mi pia nimejifunza. Uliniambia kweli, nikacheka. Siku ingine nitaangalia macho yako kabla ya kucheka."

Kapya alikuwa amekuja kuchukua mikate yake. "Na mi nina neno," alisema. "Mwaba, usinipigie magoti tena! Uliniogopesha. Nilirudi ku kazi mikono inatetemeka, nikashona mufuko ya shati ku mugongo. Mwenye shati bado ananitafuta."

Asubuhi iliyofuata Mwaba alifagia, akabeba ndoo. Kapya alikuwa barazani, pini mdomoni, anamwangalia kwa wasiwasi, hathubutu kuanza.

"We Chui!" Mwaba alipaza sauti. "Ku ukoo wenu, pesa banabeba ku mugongo?"

Kapya alitoa pini mdomoni na kupumua kwa nguvu. "Asante Mungu! Mbuzi imepona!" Kisha akakipigapiga kwa kiganja kigoda kilichokuwa kando yake. "Weka hiyo ndoo, ukae hapa. Mwalimu Émile alikupa vifungo, mi nitakupa shati. Sema nyuma yangu."

Na hivyo, mpaka siku shule ilipofunguliwa, Mwaba alijifunza Kiingereza kando ya cherehani. Sentensi yake ya kwanza nzima, ambayo Kapya alimrudisha mara nyingi mpaka akaisema bila kuona haya, ilikuwa fupi: I don't know.